Mnazi Mmoja, Wenyewe Watatu

Mgeni haingii Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo kusini mwa Mombasa, hivi hivi. Kabla ya kupita langoni hufungwa kaniki kiunoni, awe amevaa suruali ya bei kali au kaptula ya ufukweni, kisha hupewa masharti: asichume jani, asiokote kitu, asipaze sauti. Msitu wenyewe si mkubwa, ni kama hekta 30 tu, na hoteli za Diani ziko jirani, zimejipanga kuelekea kaskazini. Mwaka 2008 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Watalii hujitazama katika ile nguo nyeusi, hucheka kidogo, kisha huingia kimya.

Kaniki hiyo ina ndugu yake aliyesahaulika. Wazee wa Pwani walikuwa na neno merikani, na walipolitamka hawakuwa wakifikiria nchi. Walikuwa wakifikiria kitambaa: pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyouzwa kwa jora kutoka Unguja hadi Mombasa na ndani kabisa ya bara. Kiliitwa hivyo kwa sababu kililetwa na mabaharia wa Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Said, na mwaka 1837 balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, akafungua ofisi Unguja. Bwana huyo alikuwa mcha Mungu aliyeuchukia utumwa. Nguo alizouza, hata hivyo, zilifumwa kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa majimbo ya kusini mwa nchi yake, na pembe za ndovu alizonunua zilibebwa hadi pwani kwa mabega ya watu ambao wengi wao hawakuwa huru.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikakatika na Salem ikapoteza soko. Wafanyabiashara wa Bombay na Uingereza wakajaza pengo. Neno merikani likabaki midomoni, nguo yenyewe ikawa inatoka kwingine.

Kwa hiyo anayetaka kusimulia mapambano ya kijamii ya Marekani mbele ya watu wa Kwale hana haja ya kuanza mbali. Mapambano hayo yalishavaliwa huku zamani. Kinachowatenganisha Wamarekani na watu wa kusini mwa Mombasa ni nani aliyeshika kalamu. Kule, sehemu kubwa ya ugomvi iliandikwa na wale waliochomwa nao. Huku, sehemu kubwa iliandikwa na makarani.

Tuchukue utumwa. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa Maryland, akajifunza kusoma kwa kuibia baada ya bwana wake kumkataza mkewe asimfundishe, akatoroka mwaka 1838, na mwaka 1845 akachapisha maisha yake mwenyewe. Kitabu hicho kilimweka hatarini, maana kilitaja majina na mahali, naye kisheria bado alikuwa mali ya mtu. Karibu miaka mia moja baadaye, kati ya 1936 na 1938, serikali ya Marekani iliwaajiri waandishi wasio na kazi wakawahoji wazee waliozaliwa utumwani, wakakusanya masimulizi zaidi ya 2,300. Leo mjukuu wa mtumwa anaweza kufungua majalada hayo akamsikia bibi yake.

Pwani ya Kenya ilifuta utumwa kisheria mwaka 1907, miaka 42 baada ya Marekani. Shimoni, mwisho wa barabara inayokatia baharini kabla ya kufika Lungalunga, lipo pango ambalo wenyeji hulionyesha kwa ada ndogo, wakieleza jinsi watumwa walivyowekwa humo wakingoja majahazi. Popo wamo, maji ya chumvi yanadondoka, na pete za chuma zimo ukutani. Sauti ya aliyefungwa haimo. Kilicho karibu zaidi na Douglass kwa Kiswahili cha Kenya ni kitabu kidogo cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alikuwa wa kizazi cha watumwa waliokombolewa na kuwekwa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Wahakiki wengi wamemlaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina msingi. Lakini asomwe vizuri. Alikuwa anaandika chini ya utawala wa watu hao hao, akachapishwa London, na bado akahifadhi habari za utekaji na za safari ambazo hakuna karani aliyejisumbua kuziuliza.

Sasa twende Gazi.

Hapo liko jumba lililokuwa la Mbaruk bin Rashid, Mazrui aliyeikataa amri ya Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1895. Ngome yake ya Mwele, kwenye milima ya Shimba, ilishambuliwa Agosti mwaka huo na askari walioongozwa na Admirali Rawson. Mbaruk aliendelea kupigana porini hadi Aprili 1896, akavuka kwa Wajerumani, asirudi tena. Vita vyake vinasimuliwa kama ushujaa, na palikuwa na ushujaa, ingawa kilichowasha moto ule ni ugomvi wa urithi wa kiti cha Takaungu, na Wamazrui nao walikuwa mabwana wa watumwa. Jambo lililobadilisha maisha ya Mdigo wa kawaida lilikuja baadaye, bila bunduki.

Lilikuja na Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Kila aliyedai ardhi katika ukanda wa Pwani alitakiwa ajitokeze mbele ya afisa wa serikali, atoe madai yake, athibitishe, apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Waarabu na Waswahili wa mijini waliojua kuandika, waliokuwa na wakili au jamaa anayefahamiana na ofisi, walikwenda. Wengi wa Wamijikenda hawakwenda. Wengine hawakusikia habari, wengine hawakuona maana ya kudai kitu ambacho tayari wanakilima, na hata waliojaribu walikuta sheria inayomtambua mtu mmoja mwenye shamba moja, huku ardhi yao ikishikwa na ukoo.

Zaidi ya hapo kulikuwa na mnazi. Mwenye kuijua Kwale anajua kwamba ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Asubuhi na mapema mgema anapanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, kotama kiunoni, kidumu begani. Anafika kwenye panda la maua, analikata ncha kidogo, anatega chombo, anashuka. Tembo ile ni haki yake kwa mapatano. Nazi ni za aliyeupanda mti au mrithi wake, ambaye huenda anaishi kijiji cha tatu. Na shamba ambamo mnazi umesimama ni la mtu mwingine kabisa, ambaye amepanda mihogo chini ya mti. Watu watatu, mti mmoja, na kwa miaka mingi hakuna aliyeona hapo fumbo la kutegua. Afisa wa hati alikuwa na safu moja tu ya kuandika jina.

Hata ndani ya nyumba ya Mdigo karatasi haikukuta mambo yametulia. Kwa desturi ya fuko, yaani ukoo wa upande wa mama, mali ya mwanamume ilikwenda kwa watoto wa dada yake. Uislamu ulipoenea ukaleta hukumu nyingine: watoto wake wa kuzaa ndio warithi. Mzee alipofariki, mpwa alikuja na hoja ya fuko, mtoto akaja na hoja ya kadhi, na minazi ile ile ikagombewa. Hayo ni mapambano ya kijamii kamili, ya polepole, yaliyodumu vizazi na vizazi, na ni ya watu wanaokula sinia moja. Inashangaza kwamba riwaya zetu za Pwani zimependa sana tajiri na maskini, mjini na shamba, na zikampita mjomba.

Wamarekani waliwahi kufanya kitu cha jamaa moja na kile cha 1908, tena kwa nia iliyodaiwa kuwa njema. Sheria ya Dawes ya mwaka 1887 iliikata ardhi ya pamoja ya wenyeji wa asili vipande vipande, kwa kawaida ekari 160 kwa mkuu wa familia, ili kila mtu awe mkulima mwenye hati kama Mzungu. Kilichozidi kiliuzwa kwa walowezi. Ekari milioni 138 walizokuwa nazo mwaka 1887 zilikuwa zimebaki kama milioni 48 ilipofika 1934. Walionyang'anywa hawakunyang'anywa kwa mkuki. Waligawiwa.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye jina lake halitajwi sana Ukunda, naye alistahili. Januari 1960, wajumbe Waafrika wa Kenya walikwenda kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, wakiwa na mshauri wa sheria kutoka Marekani: Thurgood Marshall. Ndiye wakili mweusi aliyekuwa ameshinda kesi ya Brown mwaka 1954, ile iliyobomoa utengano wa rangi katika shule za serikali za nchi yake. Tom Mboya alimtaka, naye akaja. Akaandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya Kenya, na ndani yake akaweka kinga ya mali: mtu asinyang'anywe ardhi bila fidia ya haki, na mahakama iwe na kauli.

Mtu angetarajia wakili wa wanyonge awaandikie wanyonge. Na Marshall aliamini ndivyo alivyofanya. Maisha yake yote alikuwa amewatetea wachache dhidi ya walio wengi, kwa sababu Marekani wachache walikuwa watu weusi, na wengi ndio waliowaonea. Kenya mambo yaligeuka juu chini. Wachache walikuwa Wazungu na Wahindi, na katika ukanda wa Pwani waliongezeka Waarabu wenye vyeti vya 1908. Kinga ya wachache kama ile iliyomsaidia mtoto mweusi wa Kansas kuingia darasani ilikuwa, ikifika Tiwi au Diani, kinga ya mwenye hati dhidi ya mwenye mnazi. Rasimu yake haikuchukuliwa neno kwa neno, lakini katiba ya uhuru ilibeba kinga ya mali.

Kwa Pwani hiyo haikuwa kufuli pekee. Ukanda wa maili kumi ulikuwa bado unahesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar, na wapo waliotaka ujitawale kwa jina la Mwambao. Tume ya Robertson ya mwaka 1961 ilipendekeza uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, wakaandikiana barua za makubaliano: Waislamu watahifadhiwa kadhi wao, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa daima. Kadhi bado yupo. Hati nazo bado zipo. Usiku wa manane, Desemba 1963, bendera ilibadilika, na familia iliyokuwa imelima mahali pamoja tangu enzi za babu ikaamka inaitwa skwota.

Yaliyofuata Diani yanaonekana kwa macho bila kusoma faili. Simama barabarani Ukunda, utazame mashariki. Kutoka njiapanda hadi bahari ni mwendo mfupi tu, na kando ya maji viwanja vimefuatana, hoteli baada ya hoteli, kwa sababu kuanzia miaka ya 1970 ufukwe mweupe ulikuwa na bei kuliko shamba lolote la korosho. Wengine waliuza kwa bei ya kutupa bila kujua wanachokiuza. Wengine waliona kiwanja kimeshaandikwa jina la mtu wa Nairobi. Mvuvi akaanza kuuliza njia ya kupitisha ngalawa. Halafu geuka magharibi, uingie kijijini: akina mama wamekaa mkekani wakishona makuti ya viungo, na gari linakuja kuyabeba kwenda kuezeka baa ya ufukweni. Mnazi wa kijiji unaingia hotelini kwa njia ya paa.

Kusini zaidi, Ramisi, kiwanda cha sukari kilichoanza enzi ya ukoloni kilifungwa mwaka 1988, na maelfu ya ekari zikabaki na watu walioingia kulima. Mwekezaji mwingine alipokabidhiwa ardhi hiyo miaka ya 2000, kesi zikaanza. Hiyo ni habari ndefu, ikae.

Lakini kabla ya kesi hizo, usiku wa Agosti 13, 1997, hasira ya ardhi ililipuka, na ililipuka vibaya. Vijana waliokula kiapo na kufanya mazoezi msituni Kaya Bombo walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakachukua bunduki. Kisha wakawageukia jirani zao wa bara. Kwa hesabu ya shirika la Human Rights Watch, zaidi ya watu 100 waliuawa na kama 100,000 wakayahama makazi yao. Wengi walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni, na huko pia hawakusalimika. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebakia miezi michache, na wapo wanasiasa walionufaika kwa waliofukuzwa kutopiga kura.

Lipo jambo la uchungu ambalo hotuba za siasa hulikwepa. Waliochomewa vibanda walikuwa wauza sukuma wiki, mafundi cherehani, makuli, wapangaji wa vyumba vya udongo. Si wao waliokuwa na viwanja vya ufukweni. Wenye viwanja hawakuguswa, tena wengi wao hawakuwapo. Mwaka huo huo jimbo la Oklahoma liliunda tume kuchunguza jinsi Wazungu walivyoteketeza mitaa 35 ya watu weusi mjini Tulsa mwaka 1921. Ilichukua Tulsa miaka 76 kufikia kuandika. Kenya haikukawia kiasi hicho: tume ya Jaji Akiwumi iliundwa 1998, ikamaliza kazi 1999, na ripoti ikafungiwa kabatini hadi 2002.

Ndiyo maana ikasemwa hapo juu kwamba kalamu ya Kwale iko mikononi mwa makarani. Anayetaka kuwasikia watu wa kusini wakizungumza kwa kirefu kuhusu ardhi yao asiende duka la vitabu. Aende kwenye ripoti: Akiwumi, kisha Ndung'u ya mwaka 2004 juu ya ugawaji haramu wa ardhi ya umma, kisha ile nene kuliko zote, ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Mei 2013. Ni fasihi ya ajabu. Shahidi anaanza na mwembe wa babu yake, wakili anamkatiza kumuuliza namba ya kiwanja, karani anaandika vyote viwili. John Steinbeck alipochapisha riwaya yake ya wakulima waliofukuzwa Oklahoma, mwaka 1939, kaunti ya Kern huko California iliipiga marufuku katika maktaba zake kwa kuwa iliwaudhi wenye mashamba. Riwaya huudhi kwa njia hiyo. Ripoti ya 2013 ilionyesha kwamba hata karani anaweza kuudhi: aya za sura ya ardhi, zikiwemo zilizoigusa Pwani, zilibadilishwa dakika za mwisho, na makamishna watatu wa kigeni wakakataa kuitia saini sura hiyo. Mmoja wao alikuwa Mmarekani, Ronald Slye, profesa wa sheria, ambaye baadaye aliandika kitabu kizima juu ya tume ile. Tumerudi pale pale. Hata kisa cha aya zetu kimekuja kusimuliwa na mgeni.

Lakini wapo waliochoka kungoja kuandikwa. Wamakonde waliletwa Kwale kutoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930, kukata mkonge na miwa. Walizaa hapa, wakazika hapa, watoto wakasoma Makongeni na Msambweni, na mpaka juzi walikuwa hawana kitambulisho. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, hufungui akaunti, huandikwi kazi, na polisi akikusimamisha barabarani huna la kuonyesha. Oktoba 2016 mamia yao, wazee wakiwemo, walianza matembezi kutoka Kwale kwenda Ikulu, Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, na mapema 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Pwani wakafuata mwaka 2023. Mwaka 1965 watu weusi wa Alabama walitembea kutoka Selma hadi Montgomery kwa ajili ya kura, kilomita 87 hivi. Ulinganisho huo hupendwa na magazeti, na si mbaya, ila Wamakonde walikuwa wanaomba kitu cha awali zaidi: kuhesabiwa tu kwamba wapo.

Kuhesabiwa kuna sura nyingine, na inaonekana Maumba na Nguluku, vijiji vya Kwale. Huko ndiko kampuni yenye asili ya Australia, Base Titanium, ilikochimba mchanga wa titaniamu na kuusafirisha kuanzia 2014. Mamia ya familia zilihamishwa kabla ya mashine kuingia. Wathamini walipita shamba kwa shamba na madaftari yao, wakahesabu mnazi, mwembe, mkorosho, na kila mti ukaandikiwa bei na jina la mwenyewe. Baada ya karne nzima ya sheria iliyojifanya haiuoni, mnazi ukapata safu yake katika karatasi ya serikali, kabla haujang'olewa.

Uchimbaji ulikoma Desemba 2024. Sehemu kubwa ya mashimo imefukiwa, udongo wa juu umerudishwa, nyasi na miche imeota. Waliohamishwa, wengine wakiwa Bwiti, wengine wametawanyika, wanauliza ardhi hiyo itaandikwa kwa nani sasa, na wazee miongoni mwao bado wanaweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo kila mnazi ulikuwa umesimama.